Nililazimisha driver itambue kadi mbili tofauti kuwa ni moja, kituo cha afya kikasimama

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Huu uzi nimeuandika mara tatu. Mara ya kwanza nilijifanya shujaa, nikafuta. Mara ya pili nikamtupia lawama mwenye duka aliyeniuzia kadi, nikafuta. Hii ya tatu ndiyo ilivyokuwa. Humu kuna watu wa Kigoma wanaonifahamu, nikiongeza chumvi watanisuta.

Mimi ni fundi kompyuta, makazi Katubuka. Nusu ya ufundi nimeupata chuoni, nusu nyingine kwa kuharibu vitu vya watu. Mtaani wananiita Injinia. Sina huo uinjinia, ila sijawahi kumsahihisha mtu.

Sasa masika iliyopita radi ilipiga kwenye kituo kimoja cha afya, vijiji vya ziwani huko juu kuelekea Kagunga, jirani kabisa na mpaka wa Burundi. Jina la kituo naliweka kapuni.

Radi ilipita kwenye waya wa mtandao uliokuwa umetandazwa nje kati ya majengo. Kompyuta sita zilipona, zinawaka vizuri tu, ila kila moja pale pa kuchomeka waya wa mtandao pameungua. Yaani kompyuta nzima, lakini bubu. Haiwezi kuongea na mwenzake.

Na pale kuongea ndiyo kazi. Mapokezi wanaandika jina la mgonjwa, daktari anaagiza kipimo, maabara wanaona, wanapima, majibu yanarudi kwenye skrini ya daktari, dirisha la dawa nao wanaona cha kutoa. Baada ya radi walirudi kwenye vijitabu vya karatasi, mgonjwa anatembea na kikaratasi chake kutoka mlango hadi mlango.

Mganga mfawidhi wao, namwita Dokta Lameck, akanipigia simu. Nikamwambia dokta, hiyo kazi ndogo.

(Kila kazi iliyowahi kunidhalilisha niliianza kwa kusema ni ndogo.)

Tiba yake ilikuwa kadi za mtandao za kuchomeka ndani ya kompyuta. Nikaagiza sita. Zikaja boksi moja, jina moja, picha moja, rangi moja ya kijani. Nikachukua moja nikaijaribu nyumbani kwenye kompyuta yenye mfumo wa Linux, maana kituo wanatumia hiyo hiyo. Ikakubali papo hapo.

Nyingine tano sikuzigusa. Nilisema za nini kuzisumbua, zote ni moja.

Nisimame hapa kidogo kwa ajili ya wasio wa fani.

Driver ni kile kipande cha program kinachoifahamu kadi na kuiendesha. Kompyuta ikiwaka, kadi inataja namba zake. Driver ina orodha ndani: ukikuta namba hizi, hii ni kadi ya aina fulani, mambo yake yamepangwa hivi. Kiwanda kinaweza kutoa kadi ya jina lile lile na sura ile ile, ila kwa ndani wamehamisha vitu. Ndiyo maana driver haiishii kwenye jina. Inauliza mpaka namba ya mwisho, ndipo inajua imeshika aina gani.

Hayo nayaeleza kwa utulivu leo. Siku ile nilikuwa nayajua kwa kiwango cha kujisifia tu.

Basi nikapanda boti pale Kibirizi, nikakaa juu ya kiroba cha unga nimekumbatia begi la laptop kama mtoto mchanga. Kadiri tunavyopanda kaskazini simu ikanikaribisha Burundi, mtandao wa nyumbani ukakata. Nikasema poa, internet ya nini, kila kitu ninacho kwenye laptop.

Nilifika Jumapili mchana. Dokta Lameck akanipokea vizuri, akanikabidhi kwa mama wa maabara ili anionyeshe vyumba. Mama mtu mzima, mpole, miwani imefungwa kamba shingoni. Wanamwita Mama Bukuru. Wa huku mnaelewa, Bukuru ni jina la pacha anayetangulia. Kwa hiyo yule mama kazi ya kutofautisha vinavyofanana aliianzia nyumbani kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hizo ndizo kadi zenyewe?"

Nikamwambia ndizo. Akaomba ya maabara aione. Akavaa miwani, akaigeuza, akasoma kibandiko chake cha nyuma, akaandika namba kwenye daftari lake. Nikamuuliza ya nini. Akasema hakuna kifaa kinachoingia maabara kwake bila kuandikwa namba. Akaandika na za nyingine zote, kwa kuwa zilikuwa mezani.

Mimi nikacheka moyoni. Nikasema huyu mama ana muda.

Kadi tatu za kwanza, mapokezi, kwa daktari na dirisha la dawa, ziliingia safi. Kuwasha tu, taa ya kijani, mtandao huo. Wauguzi wawili wamesimama mlangoni wananitazama, nami nafunga skrubu kwa madaha.

Tatu zilizobaki, maabara, wodi ya wazazi na chumba cha chanjo, zikakataa. Kompyuta inaona kuna kitu kimechomekwa, ila driver haikitambui. Kama mlinzi wa getini, amekuona, lakini jina lako halimo kwenye karatasi yake.

Hapo mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Kadi tatu zimekubali, tatu zimekataa, boksi moja. Mtu angezitoa azilinganishe. Dakika tano tu.

Mimi nilikuwa na watazamaji.

Nikafungua laptop. Code ya ile driver, yaani maandishi yanayoiunda, ninayo. Nikaitafuta ile orodha ya aina za kadi, nikaangalia namba ambayo kadi zilizokataa zinaitaja, nikaona haimo. Nikaiongeza. Nikaandika mstari mmoja unaosema: ukikutana na namba hii, ichukulie kama ile aina ya kwanza.

Kwa lugha nyingine, nilimwambia mlinzi, huyu hayumo kwenye karatasi yako lakini mruhusu, na umwite kwa jina la kaka yake.

Nikaunda upya driver, nikaiweka kwenye zile kompyuta tatu. Taa ya kijani ikawaka.

Wakuu, nilisimama nikajinyoosha mgongo. Muuguzi mmoja akauliza, "Umefanyaje?" Nikamjibu, "Nimeandika driver." Sikuandika driver. Niliandika mstari mmoja, na wenyewe wa uongo.

Nikazijaribu zote tatu, moja moja, kwa sababu nilikuwa na waya mmoja tu mzima wa majaribio. Nachomeka maabara, inakubali, nachomoa. Wodi, inakubali, nachomoa. Chanjo, inakubali. Hazikuwahi kuwa hewani kwa pamoja hata dakika moja.

Halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nashika kichwa.

Nikamwambia Dokta Lameck kwamba watu hawatauzoea mfumo wakiwa bado na vijitabu mkononi. Nikakusanya vijitabu vyote vya majibu ya maabara, nikaviweka kwenye kabati la mapokezi, nikafunga. Ufunguo nikautia mfukoni. Nikatangaza kuanzia kesho karatasi basi.

Dokta akasita. "Una uhakika, fundi?"

"Dokta, asilimia mia."

Mama Bukuru naye nikampa maelekezo. Nilimwambia akimaliza kuandika majibu abonyeze kutuma, na akiona kile kiduara kinazunguka asikiguse, maana hapo ndipo kinatuma.

Jumatatu ni siku ya kliniki. Saa mbili asubuhi nyaya zote nimeshachomeka, kompyuta sita zinawaka pamoja, na mabenchi yamejaa kina mama wa milimani na wengine waliokuja kwa mitumbwi. Salamu za asubuhi za Kiha, mwakeye huku, mwakeye kule. Nami nazunguka na bisibisi mfukoni kama mwenye kituo.

Saa tatu dada wa chanjo akasema yake imekata. Nikaenda, nikachomoa, nikachomeka, ikarudi. Kabla sijafika mlangoni, wodi ya wazazi wakasema yao imekata. Nikaenda, ikarudi. Kutoka pale, chanjo imekata tena.

Nikaanza kutafuta mchawi.

Kwanza waya. Nikakata vichwa vya nyaya na kuvifunga upya juani, jasho linanidondoka kwenye koleo. Kisha umeme, nikasema umeme wenu unashuka. Kisha dada wa chanjo, nikamwambia anabonyeza kwa nguvu sana. Mwisho nikaingia maabara nikamwambia Mama Bukuru aisogeze hadubini mbali na kompyuta kwa sababu inavuruga mtandao.

Wakuu, hadubini.

Mama wa watu akaisogeza. Hakubisha.

Kwenye benchi la kwanza palikuwa na mama mmoja kijana, ana mtoto wa kike wa kama miaka miwili, homa imempanda. Walikuja wamekwishatembea mwendo mrefu. Dokta Lameck alimwona mapema, akamwandikia vipimo, damu ikachukuliwa, wakaambiwa wakae wasubiri majibu. Nilipita mbele yao labda mara sita nikikimbilia nyaya zangu. Mara ya tatu hivi yule mama aliniuliza kwa Kiswahili cha taabu kama zamu yao imefika. Nikamwambia, "Subiri mama, mfumo unafanya kazi."

Ndani, Dokta Lameck anahudumia wengine, kila akimaliza mmoja anaangalia skrini. Imeandikwa majibu yanasubiriwa. Maabara nako, kiduara kinazunguka. Mama Bukuru hakigusi, kwa sababu mtaalamu alimwambia asikiguse.

Inakaribia saa tano nikasikia yule mama anapiga kelele.

Nilikuwa nje na koleo mkononi. Nilipoingia nikakuta mtoto amekakamaa, macho yamegeuka juu, mikono inatetemeka. Degedege. Dokta Lameck ametoka mbio, amemchukua na kumlaza ubavu kitandani. Mama Bukuru naye akatokea, akamwangalia mtoto, akamwangalia daktari.

"Huyu majibu yake nimetuma tangu saa tatu."

"Sijaona kitu," dokta akasema.

"Malaria ni nyingi mno, na damu imeshuka. Ninayo kichwani, nakuandikia sasa hivi."

Akachana kifuniko cha boksi la glovu akaandika pale pale, akamwekea dokta mbele ya macho. Dokta akaanza kuagiza dawa na dripu, watu wakakimbia.

Mambo yalipotulia kidogo, mtoto sindano ameshapata, dokta akageuka akanikuta bado nimesimama mlangoni.

"Fundi. Ufunguo wa kabati uko wapi?"

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Nikautoa mfukoni nikampa. Vijitabu vikarudi mezani, na mabenchi yakaanza kusogea, mgonjwa mmoja baada ya mwingine, na vikaratasi vyao mkononi.

Mimi nikaenda kukaa kwenye ngazi ya nyuma ya maabara na laptop yangu. Sikuwa nafanya chochote, nilikuwa natazama skrini tu. Nilifikiria hata kuuliza boti la kurudi linapita lini.

Mchana, foleni ilipopungua, Mama Bukuru akatoka na daftari lake akakaa pembeni yangu.

"Mtoto amelala. Homa inashuka."

Nikasema alhamdulillah.

Akachungulia skrini. Nilikuwa nimefungua orodha ya kompyuta zilizo kwenye mtandao, na mbele ya kila moja anwani ya kadi yake. Kila kadi inapotoka kiwandani inapewa anwani yake peke yake, haifanani na ya nyingine. Ndiyo inayoutambulisha mtandao nani ni nani.

"Hizi namba ni zile za kwenye vibandiko?" akauliza.

"Ndiyo mama, ndizo hizo hizo."

"Ya kwangu ni ipi?"

Nikamwonyesha. Akavaa miwani, akafungua daftari, akapitisha kidole taratibu. Kisha akapitisha tena.

"Hii siyo yangu. Yangu inaishia na nne F. Na hapo naona maabara, wodi na chanjo mmeziandikia namba moja."

Nikaangalia. Wakuu, tangu asubuhi ile orodha ilikuwa mbele yangu. Niliitazama labda mara ishirini. Mistari mitatu, namba moja, sawasawa mpaka herufi ya mwisho. Sikuiona, kwa sababu nilikuwa natafuta kosa la mtu mwingine.

"Mimi kabla sijasoma damu ya mtu nasoma kwanza kibandiko," akasema. "Chupa zote zinafanana, baba."

Alisema kawaida kabisa. Wala hakuwa ananisema.

Tukaenda kufungua kompyuta yake na ile ya mapokezi, tukaweka kadi mbili mezani sambamba. Boksi moja, jina moja, kijani kile kile. Ila kwenye kona, kwa maandishi madogo kama miguu ya sisimizi, moja imeandikwa V1 na nyingine V2, yaani toleo la kwanza na la pili. Mama Bukuru ndiye aliyeyasoma. Mimi nilihitaji kupiga picha na simu niikuze.

Kilichotokea ni hiki. Hizi V2, kiwanda kilikuwa kimehamisha sehemu inapohifadhiwa ile anwani kwenye kumbukumbu ya kadi. Kwa mstari wangu wa uongo, driver ikawa inaisoma pale inapokaa kwenye V1. Pale kwenye V2 kulikuwa na namba za kujazia tu, na zimefanana kwenye kadi zote. Kwa hiyo kompyuta tatu zikajitambulisha kwa jina moja. Maabara ikiita, jibu linakwenda wodini. Wodi ikiita, chanjo inakatika. Ikiwa moja peke yake, kila kitu shwari, ndiyo maana majaribio yangu yalipita.

Yaani ile driver ilipozikataa kadi mwanzoni, ilikuwa sahihi. Ilikuwa inaniambia, huyu simjui, niambie vizuri ni nani. Kiumbe pekee chenye tahadhari kwenye ile kazi, nikakifunga mdomo.

Linaloniuma zaidi ni kwamba dawa ilikuwemo. Nilipoirudia ile orodha na kuisoma yote, chini ya aina ya kwanza, kama mistari minne hivi, palikuwa na aina ya pili iliyopangwa kwa kadi zinazohifadhi anwani mahali pengine. Nikachungulia kumbukumbu ya kadi ya maabara kwa kutumia namba ya kwenye daftari, nikaikuta ile nne F imekaa pale pale ambapo aina ya pili inasema. Namba ya V2 ilikuwa inatakiwa kuelekezwa huko. Neno moja tu la kubadilisha.

Nikabadilisha. Nikaunda upya. Safari hii nikaziwasha zote sita kwa pamoja, na Mama Bukuru akasoma daftari kwa sauti, namba moja moja, mimi nalinganisha na skrini. Zote zikaenda sawa.

Kisha nikaenda kwa Dokta Lameck. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu yenye Kiingereza kingi. Nilipofika nikasema, "Dokta, hitilafu haikuwa ya waya wala umeme. Nilikosea mimi, na karatasi sikupaswa kuzifungia. Naomba mniwie radhi."

Akaniangalia, akasema, "Vijitabu vitakaa mezani mwezi mzima. Mfumo na karatasi pamoja."

"Sawa dokta."

Nikazunguka pia kwa dada wa chanjo kumwambia vidole vyake havina tatizo. Akacheka sana. Nilistahili.

Nilikaa siku mbili zaidi nikiangalia, na kompyuta hazikukatika tena. Siku ya kuondoka nikateremka ufukweni kusubiri boti. Nikamwona yule mama kijana anakuja, mtoto mgongoni, amedhoofu ila macho yamechangamka, anatazama watu. Mama ameshika furushi la samaki wa ziwani, migebuka mikavu, kwenye jani la mgomba.

Akaniamkia, akasema, "Wameniambia mashine yako ndiyo imeona mtoto wangu anaumwa nini."

Sijui nani alimwambia hivyo. Pengine hakuna aliyemwambia, alielewa mwenyewe kwa anavyojua.

Hapo ndipo nilitakiwa kumwambia. Mama, mashine yangu ndiyo iliyokucheleweshea, aliyeona ni Mama Bukuru. Maneno mafupi tu. Lakini boti lilikuwa limeshafika, watu wanatazama, mtoto ananitazama.

Nikaitikia ndiyo kwa Kiha, "Ego mama, asante," nikapokea furushi nikapanda.

Migebuka ile nimeila, wakuu, na ilikuwa mitamu, sitadanganya. Ila kile alichonishukuria hakikuwa changu, na simjui jina wala kijiji chake niweze kurudi kumweleza. Ndiyo sababu nauandika hapa, pengine kuna mtu wa kule atausoma amfikishie.

Nilichojifunza, kwa wale wa fani: kadi ikikataliwa na driver, usiilazimishe kwa jina la nyingine. Itoe, soma maandishi ya kwenye kona, soma kibandiko, soma namba zote na siyo ile ya mbele tu. Jaribu vyote vikiwa vinafanya kazi pamoja. Na usimnyang'anye mtu njia yake ya zamani kabla njia yako haijamaliza hata siku moja ya kliniki.

Kwa wasio wa fani: fundi akikwambia hadubini inavuruga mtandao, mwambie aondoke.

Uwanja ni wenu sasa. Mkitaka kunisema nisemeni, nimekaa mkao wa kupokea. Ila na nyie mliowahi kupokea shukrani ya mtu huku mkijua fika siyo yenu, hebu niambieni mlifanyaje.